Kila Mtu Anajua Wembe, Nani Anajua Kinoo?

Wacha nianze na lugha, kwa sababu Kiswahili kimeweka hii stori mahali wazi na bado tunaipita tu. Kunyoa na kunoa. Tofauti ni herufi moja. Anayenyoa ni kinyozi, kinachonoa ni kinoo. Kinyozi kila mtu anamjua. Hapa Eldoret huwezi kutembea dakika tano bila kuona kibanda kimechorwa vichwa vya wanaume ukutani na neno KINYOZI kwa rangi. Sasa muulize mtu wa rika langu kinoo ni nini. Atakuangalia tu.

Kinoo ni jiwe la kunolea. Wingi wake vinoo. Si neno la kutungwa juzi, limo kwenye kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, na watu wa pwani walikuwa wakilisema kabla yake.

Angalia pia methali zetu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mtoto akililia wembe, mpe. Ukiona mwenzako ananyolewa, chako tia maji. Kwenye siasa na mpira tunaambiana "wembe ni ule ule", yaani uliomnyoa fulani ndio utakunyoa na wewe. Zote tamu, zote zinaongea kuhusu makali. Hakuna hata moja hapo inayouliza nani aliyanoa, na aliyanolea kwa nini.

Basi maoni yangu ya leo ni haya. Historia yetu tumeisimulia kwa makali: mikuki, simi, mapanga, nyembe. Jiwe tumeliacha nyuma ya jikoni. Na ukisahau jiwe, unasahau kitu kikubwa zaidi, kwamba jiwe nalo huisha, huchimbika, na lisiposawazishwa litaharibu kila wembe unaoligusa.

Mji wenye jina la mawe

Sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kukumbuka. Jina Eldoret linatokana na neno la Kimaasai, eldore, mto wa mawe. Mto wenyewe ni Sosiani, ule tunaouvuka kila siku tukiangalia simu. Kabla ya jina hilo mji uliitwa 64, kwa sababu posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na wazee hadi leo wanasema Sisibo. Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard akaamua pawe makao ya utawala na jina likawa Eldoret. Reli ikafika 1924. Agosti 15, 2024 tukapewa hadhi ya jiji.

Kwa hivyo sisi ni jiji lililopewa jina na mawe ya mtoni. Mawe ya mto, yale laini yaliyosuguliwa na maji miaka mingi, ndiyo yaliyokuwa vinoo vya kwanza vya watu wengi. Nchi nzima ukienda kwenye boma la zamani utakuta moja liko karibu na mlango au karibu na pipa la maji, limechimbika katikati kama sahani. Hakuna mtu alilichonga hivyo. Ni mapanga ya babu na shoka za watoto wake.

Wembe ambao haukuhitaji jiwe

Turudi nyuma kabisa. Kabla ya chuma, wembe wenyewe ulikuwa jiwe. Hapa kwetu Bonde la Ufa tuna obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo hutokea lava ya volkano ikipoa haraka. Mlima Eburru na eneo la Naivasha ni hazina yake. Ukiligonga vizuri, kipande kinachotoka kina makali membamba kuliko chuma chochote cha dukani.

Na watu walilijua hilo zamani sana. Kule Olorgesailie, barabara ya kwenda Magadi, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata vifaa vya obsidiani vya kati ya miaka 320,000 na 305,000 iliyopita, na jiwe lenyewe lilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Fikiria hiyo safari. Mtu anabeba jiwe kilomita 95 kwa sababu ya makali.

Karibu miaka 3,000 iliyopita, wafugaji wa Bonde la Ufa bado walikuwa wakitumia obsidiani ya Eburru. Kwenye pango la Njoro River, ambalo akina Leakey walilichimba mwaka 1938, kulipatikana obsidiani pamoja na bakuli za mawe na mawe ya kusagia.

Lakini ona jambo moja. Kipande cha obsidiani kikishakuwa butu hakinolewi. Unakitupa, unagonga kingine. Ulikuwa wembe wa kutumia na kutupa, maelfu ya miaka kabla ya wembe wa karatasi wa dukani. Kwa hiyo mtu akikuambia kutupa ni tabia ya kisasa, mwambie asubiri. Kutunza makali yale yale ndiko kulikokuja baadaye, na kuliletwa na chuma.

Chuma kilipofika, jiwe likapata kazi

Chuma ni kitu cha jasho. Uchimbe mchanga wenye madini, uchome makaa, uvute mivuo, ugonge. Samia kule mpakani na Uganda walisifika kwa majembe yao. Kwa Wamaasai kazi hiyo ilikuwa ya ilkunono, ukoo wa wahunzi ambao wengine walikataa kuoana nao na bado kila mkuki ulitoka mikononi mwao. Chuma cha namna hiyo hukitupi kwa sababu kimekuwa butu. Unakirudisha kwenye jiwe.

Na wembe haukuwa kitu kidogo. Wamaasai wanauita olmurunya. Kwenye eunoto, moran anapomaliza ujana wake wa vita, mama yake humnyoa zile nywele ndefu zilizopakwa rangi nyekundu, na wanaume wazima hulia. Kwa Waluo kuna kunyoa baada ya mazishi, liedo. Waluhya nao wana siku ya kunyolewa baada ya kuzika. Kwa Wakalenjin, kijana anayeingia jandoni hunyolewa kichwa. Yaani kila mlango mkubwa wa maisha ya mtu ulikuwa na wembe, na nyuma ya kila wembe kulikuwa na jiwe lenye maji na mtu anayejua kulitumia.

Hebu niwape kitu ambacho kinanifurahisha sana. A. C. Hollis, kwenye kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, anaandika kwamba wahunzi wa Kinandi wengi walikuwa wa asili ya Wamaasai wa Uasin Gishu. Hawa ni wale walioshindwa na Wamaasai wenzao, wakatawanyika, wakapata hifadhi Nandi. Soma tena hiyo. Makali ya Mnandi yalifuliwa na mjukuu wa mkimbizi Mmaasai. Shikilia hiyo hoja, nitairudia.

Pwani na wembe wa kukunja

Huku bara tukiwa na chuma cha mhunzi, pwani walikuwa na sababu zao za kunyoa. Mtoto Mwislamu akifikisha siku saba kuna akika, na hapo hunyolewa nywele za kuzaliwa. Anayekwenda Hijja hunyoa au kupunguza nywele. Wanaume wengi wa mijini walinyoa kichwa kama kawaida. Kinyozi wa Mombasa au Unguja hakuwa mtu wa urembo tu, alikuwa sehemu ya dini na ya ukoo.

Karne ya 19 viwanda vya Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani vikajaza dunia na wembe wa chuma cha pua kigumu, ule wa kukunja, ambao bapa lake huingia ndani ya mpini. Mawe ya kuunolea nayo yakawa biashara: coticule ya Ubelgiji, jiwe la rangi ya maziwa lenye chembe ndogo za garneti, na mawe ya Arkansas kutoka Marekani. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson akatengeneza kaborandamu kwenye tanuri la umeme, na hapo jiwe la kunolea likaanza kutoka kiwandani. Lile jiwe la kijivu la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, unalolipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ni mjukuu wa tanuri hilo.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

Kwa nini jiwe lazima liwe tambarare

Wembe wa kukunja una mgongo mnene na makali membamba. Ukiunoa, unaulaza bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vikigusa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo siri yake. Kwa panga au kisu cha jikoni, mkono wako ndio unaamua pembe. Kwa wembe, pembe imeshaamuliwa na unene wa mgongo. Huna cha kukisia. Kila kitu kinategemea jiwe.

Shida ni kwamba jiwe hufanya kazi kwa kupoteza chembe zake. Kila unapopitisha chuma, jiwe nalo linaliwa. Na sisi watu tunapenda katikati, hatusugui hadi pembeni. Baada ya muda katikati panakuwa bonde. Macho hayalioni, lakini wembe unaliona. Ukiulaza juu ya bonde, kisigino na ncha vinagusa jiwe, katikati ya makali panaelea. Unanoa nusu saa na unapata wembe unaokata huku na huku lakini katikati unavuta nywele hadi machozi yanatoka. Ukiendelea hivyo miezi, umbo lenyewe la wembe linabadilika. Mtu analaumu wembe. Anatafuta mwingine. Anaunolea kwenye jiwe lile lile.

Kulisawazisha si kazi ya ajabu. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe lote, kama daftari la hesabu. Chukua kipande cha kioo kinene, weka msasa wa maji juu yake, mimina maji. Sugua jiwe hapo polepole, ukiligeuza mara kwa mara ili mkono wako usiegemee upande mmoja. Mistari ya pembeni itafutika kwanza. Ile inayobaki katikati ndiyo ramani ya bonde lako. Usiache hadi mstari wa mwisho uondoke. Halafu lainisha pembe za jiwe kidogo zisije zikakwaruza wembe. Osha tope lote, maana chembe moja ya msasa ikibaki itachora makali yako. Likaushe kivulini. Na jiwe la maji libaki la maji, la mafuta libaki la mafuta, kwa sababu mafuta yakishaingia kwenye jiwe la maji kuyatoa ni kesi.

Jiwe lichorwe kabla halijaharibika sana. Bonde dogo ni dakika chache. Bonde la miaka kumi ni siku nzima na msasa mwingi.

Jiwe la tatu

Sasa swali la kichokozi. Hicho kioo chenyewe nani alikisawazisha? Cha leo humwagwa kikiwa cha moto juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza mwaka 1959. Kitu kilichoyeyuka hujilaza chenyewe. Je, kabla ya hapo? Utapataje kitu tambarare cha kwanza kama huna kingine tambarare cha kukilinganishia?

Jibu ni zuri kuliko swali. Ukichukua mawe mawili ukayasugua moja kwa jingine, yatakubaliana. Yatatoshana hadi hakuna nafasi ya unywele kati yao. Na bado yote mawili yanaweza kuwa mabaya, kwa sababu moja limekuwa na bonde na jingine limekuwa na kifua, na kifua kimeingia kwenye bonde kama yai kwenye kiota. Ukiyapima moja kwa jingine hutajua kamwe.

Lete la tatu. Sugua la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, halafu rudia. Bonde haliwezi kutoshana na bonde. Kifua hakiwezi kutoshana na kifua. Umbo pekee ambalo mawe yote matatu yanaweza kukubaliana nalo ni tambarare. Huhitaji kipimo kutoka nje, unahitaji shahidi mmoja zaidi.

Kanuni hii ndiyo iliyobeba viwanda. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa fundi Henry Maudslay huko London, alisoma makala yake kuhusu nyuso tambarare mbele ya wanasayansi mjini Glasgow mwaka 1840, na nyuso tatu ndizo msingi wake. Mashine zilizotengeneza mashine nyingine zilianzia hapo. Reli iliyofika Eldoret 1924 ilikuwa mtoto wa mbali wa mawe matatu.

Halafu tukaacha kunoa

Jiwe lilipoteza kazi haraka kuliko watu wanavyofikiri. King Gillette alianzisha kampuni yake Boston mwaka 1901. Mwaka wa kwanza wa kuuza, 1903, aliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio zaidi ya 90,000. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, serikali ya Marekani ilinunulia wanajeshi wake vishikio milioni 3.5. Kizazi kizima cha wanaume kilirudi nyumbani kikiwa hakijui kunoa. Wembe ukiwa butu, tupa, toa mwingine. Obsidiani imerudi, safari hii ikiwa kwenye karatasi.

Kwetu ule wembe mwembamba, Nacet na ndugu zake, uliingia kila duka na kila boma. Na kuna sababu ya haki iliyoufanya ubaki, siwezi kuiruka. Ukimwi uligunduliwa Kenya mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Tulikua tukiambiwa shuleni na kanisani: usishiriki wembe. Jandoni ambako kisu kimoja kilikuwa kikipita kwa vijana wengi, kila mtu akaanza kwenda na wake. Hilo liliokoa watu. Jiwe haliui virusi, na damu ya mtu mmoja haifai kufika kwa mwingine, mwisho. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja nyumbani kwake, au usiwepo.

Kwa hivyo hapa siombi turudishe wembe wa babu kwa kinyozi wa mtaa. Ninachouliza ni kingine: tulipoacha wembe mmoja kwa sababu nzuri, kwa nini tuliacha pia akili ya kutunza kile kinachonoa?

Tena akili hiyo haijafa, imejificha. Ingia kwa kinyozi yeyote Langas au Huruma. Akifika kuchora laini ya nywele, atavunja wembe katikati ukiwa bado kwenye karatasi yake, nusu moja iingie kwenye kishikio, nusu ibaki kwa mteja mwingine. Hiyo ni kutupa kwa hesabu. Lakini angalia ile mashine yake. Ndani yake kuna sahani mbili za chuma zenye meno, moja imesimama na nyingine inakimbia juu yake. Zikiacha kugusana sawasawa, zinavuta nywele badala ya kukata. Na fundi anayezinoa hafanyi lolote kwenye meno yenyewe. Anazisugua bapa juu ya kitu tambarare, hadi uso wote ung'ae sawa. Ni kazi ile ile ya kinoo. Kama kile anachosugulia kina bonde, mashine itarudi kesho ikiuma wateja, na mtu ataambiwa anunue mpya.

Ukweli usemwe, hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea. Fundi wa baiskeli anayezunguka mitaani akinoa visu kwa gurudumu anaonekana mtu wa zamani, huku kwenye jaa kumejaa visu ambavyo havikuwa na ubaya wowote ila ubutu.

Mawe mawili ya Uasin Gishu

Nilisema nitarudi kwa wahunzi wa Hollis. Sasa tuongee kama watu wa hapa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Eldoret na mashamba yanayoizunguka ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Januari 1, 2008 watu walichomewa ndani ya kanisa pale Kiambaa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Wengi wetu tunaoandika mtandaoni leo tulikuwa watoto.

Na tulikua tukisikia historia mbili. Moja inasema: ardhi hii tulinyang'anywa. Nyingine inasema: ardhi hii tulinunua kwa jasho letu. Sisemi yoyote ni uongo. Nasema zimesuguana peke yao muda mrefu hadi zinatoshana kama yai na kiota. Kila moja inaeleza nyingine kikamilifu. Kila moja ikijipima kwa nyingine inajiona iko sawa. Na kila baada ya miaka mitano kuna mtu anakuja kunolea wembe wake hapo katikati, kwenye bonde.

Jiwe la tatu tunalo. Kuna mashimo ya Sirikwa kwenye nyanda hizi, alama za wafugaji waliokuwepo kabla ya majina tunayogombania. Kuna jina la kaunti lenyewe, Uasin Gishu, ambalo ni la Wamaasai walioshindwa na kutawanyika. Kuna Makaburu waliopanda huku kutoka Nakuru na magari ya ng'ombe mwaka 1908, wakati Wanandi walikuwa na miaka mitatu tu tangu Koitalel arap Samoei auawe, Oktoba 19, 1905. Kuna wale wahunzi, wakimbizi waliopokewa wakawapa wenyeji wao makali. Ukiweka hayo pamoja na zile stori mbili, hakuna inayobaki na kifua chake wala bonde lake vile vile. Zote zinaliwa kidogo. Kusawazisha maana yake ni hiyo, kila jiwe linapoteza kitu.

Hiyo ndiyo kazi ya historia ninayoitaka hapa kwetu. Makali tunayo ya kutosha.

Nani anamnoa anayenoa?

Watangazaji wetu wa michezo wana msemo mzuri: kocha fulani "anainoa" timu fulani. Ni kama wamekumbuka kinoo bila kukusudia. Hapa karibu, St Patrick's Iten, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha shule. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012, alipita mikononi mwake. Dunia ilimwona wembe. Watu wa Iten wanajua jiwe. Na kocha anayenoa wanariadha kwa miaka mingi bila kuuliza, kusoma na kubadilika, anachimbika katikati kama jiwe lolote. Mwalimu pia. Mhubiri pia. Na sisi tunaonoa maoni ya watu mtandaoni, sisi zaidi, kwa sababu tunasuguana na wanaokubaliana na sisi tu.

Kwa hivyo wikendi hii nina kazi mbili za kuwapa. Ya kwanza, tafuta jiwe la kunolea la nyumbani kwenu. Lichore penseli, lisugue juu ya msasa na kioo, uone lina bonde kiasi gani. Noa kisu cha mama baada ya hapo, utasikia tofauti kwenye nyanya ya kwanza. Ya pili, muulize nyanya au babu jiwe hilo linaitwaje kwa lugha yenu, na alilinolea nini la mwisho. Andika jibu mahali, na jina lake na mwaka.

Halafu niletee. Mimi nakusanya.